Ulimi Uliopumzishwa

Kwa miaka ishirini na sita hakuna sufuria iliyotoka jikoni mwa kiwanda cha nguo kabla mchuzi wake haujapita kwenye kiganja cha Shangazi. Alikuwa na namna yake. Alichota kidogo kwa mwiko, akadondosha tone kwenye mkono wa kushoto, chini ya kidole gumba, akalilamba na kufumba macho. Wapishi wenzake watatu walisimamisha visu. Hata mvuke, ungedhani, ulisita juu ya masufuria. Kisha likaja neno moja kati ya mawili. "Bado," maana yake chumvi haijakolea. Au "Pakua," na hapo mlango ukafunguliwa, mafundi wa cherehani mia mbili na ushee wakaingia na sahani zao.

Pale kiwandani alikuwa shangazi wa kila mtu, ingawa hakuwa na ndugu hata mmoja ndani ya ukuta ule. Nyumbani alikuwa Mama Pacha, mke wa fundi saa. Pacha wenyewe, msichana na mvulana, walikwisha kukua na kwenda kufanya kazi mbali, na nyumba ikabaki na watu wawili, meza moja, na saa kumi na saba za ukutani ambazo kila moja ilikuwa na maoni yake.

Asubuhi moja ya kawaida, Shangazi alilamba tone la maharage, akafumba macho, na hakusikia kitu. Ilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba uliyoizoea, usisikie hata kandambili ikiburuta ndani. Akasubiri. Kwa mbali sana, kama redio ya jirani wa tatu, ikaja ladha nyembamba ya chumvi.

"Pakua," akasema, akapangusa kiganja kwenye aproni.

Hakumwambia mtu. Kwa kweli ulimi ulikuwa ukififia tangu zamani, taratibu, na yeye alijifariji kwamba mkono wake umeshaijua kazi. Mkono ulijua kiasi cha chumvi, mkono ulijua vitunguu, na sahani zilirudi zikiwa tupu. Lakini siku ile alijua kwamba kilichokuwa kinafifia sasa kimezimika. Mpishi asiyeonja ni mpishi kwa siku ngapi? Siku mkono ukikosea, watamwambia nini? Watampa ufagio? Watampa kiti karibu na mlango, kama mgeni?

Alfajiri iliyofuata, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, alisema na Mungu kama alivyozoea, kwa sauti ya chini ili asimwamshe mumewe.

"Baba, nirudishie ulimi wangu. Sikuombi kingine. Huu ndio ulionipa wa kufanyia kazi."

Wa pili kuambiwa alikuwa mshonaji wa mapazia, jirani wa ukuta mmoja, mwanamke mkavu mwenye macho maangavu ambaye kwa miaka miwili alikuwa hali kitu kilichopita motoni. Watu walimwita Sungura, naye aliitika.

"Ulimi wako umechoka, dada," alisema Sungura, pini tatu zikiwa mdomoni. "Mvuke, mafuta, moto, tangu ujana. Upumzishe."

"Nitaupumzishaje? Niutoe niuanike kwenye kamba?"

"Siku ishirini na moja. Kula vitu kama vilivyotoka kwa Muumba. Sisemi ni dawa, mimi si daktari. Nasema ni pumziko."

Shangazi aliyaweka maneno hayo mbele ya Mungu jioni hiyo, na kwa kuwa hakusikia katazo, akapiga moyo konde. Akaweka nadhiri ya siku ishirini na moja. Na kwa kuwa hakujua kuweka nadhiri nusu, akaongeza kwamba hata kazini hataonja. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza, mabaki ya maharage aliyokuwa amepika yeye mwenyewe aliyatia kwenye kopo, akayagandisha kwenye friji. Hayo ndiyo angefungulia kinywa nadhiri ikiisha, akijaliwa.

Fundi saa alipokea habari akiwa na lenzi yake jichoni, jicho moja likionekana kubwa kama la ng'ombe.

"Kwa hiyo nitakuwa nakula mezani na mbuzi."

"Mbuzi mwenye adabu, Baba Pacha."

"Na mimi je?"

"Utajipikia. Si unajua kuvunja yai?"

"Kuvunja najua. Matatizo yangu huanza baada ya hapo."

Akacheka, akanywa maji. Mume huyu alikuwa na tabia ya kula na jagi la lita mbili pembeni ya sahani, na halikubaki na tone. Mama Pacha alimwita samaki. Lilikuwa jagi la plastiki la kijani, mpini wake umeungwa kwa waya wa saa.

Siku ya kwanza ilikuwa papai asubuhi, parachichi na nyanya mchana, na jioni kabichi iliyokatwa nyembamba kama uzi, ikasuguliwa kwa ndimu mpaka ikalegea. Siku ya pili kichwa kilimgonga kwa sababu ya chai aliyoiacha. Siku ya tatu karibu afanye kosa kubwa: alikuwa ameloweka bakuli la maharage ili ayale vivyo hivyo, Sungura akachungulia dirishani na kupiga kelele.

"Dada! Unataka kulazwa? Maharage mabichi ni sumu! Nimekwambia choroko, choroko zilizoota! Uyoga, viazi, maharage, hivyo tuwaachie wenye moto wao."

"Mimi mpishi wa miaka ishirini na sita, leo nafundishwa kula."

"Umefundishwa kupika. Kula ni darasa lingine."

Basi akaanza darasa. Alijifunza kuloweka choroko asubuhi, kuzichuja maji jioni, kuzifunika kwa kitambaa kibichi na kuziweka dirishani. Alijifunza kuzifunua bila haraka. Siku ya pili zilikuwa zimetoa vimkia vyeupe, vidogo, na akiinama karibu alidhani anavisikia vikijinyoosha. Alijifunza kwamba mbegu za maboga zilizolala majini hulainika zikawa na ukimya fulani mdomoni. Nyumba isiyo na moto ilikuwa na mwanga wa namna nyingine. Hakuna kilichochemka, hakuna kilichoita "njoo, naungua." Alikata tango, akakiinua kipande kimoja juu dirishani, na jua likapita katikati yake likatua mezani, duara la kijani lenye mbegu zake zote, likitetemeka kwa milio ya zile saa.

Ladha, hata hivyo, haikuwapo. Alitafuna rangi tu na baridi.

Kiwandani ilibidi amtafute mwonjaji. Akamchagua Kijiko, msaidizi wake kwa miaka tisa, mama wa watoto watatu, mrefu mwembamba mwenye kichwa cha duara, na hapo ndipo jina lilipotokea.

"Mimi? Shangazi, mimi ulimi wangu ni wa kuongea tu."

"Leo utafanya kazi mbili. Onja."

Kijiko alidondosha tone kiganjani, akalamba, akageukia ukuta kama mtu anayebadilisha nguo. Kisha akachota chumvi, konzi moja, akaitazama, akarudisha zaidi ya nusu yake kwenye kopo.

"Usiiogope chumvi, Kijiko."

"Siiogopi, Shangazi. Naiheshimu tu."

Wapishi wengine wawili walipata kazi ya ghafla chini ya meza. Shangazi aliona mabega yao yakitikisika, akadhani wanamcheka Kijiko.

"Pakua," alisema Kijiko, kwa sauti ndogo kiasi kwamba ilibidi Shangazi mwenyewe aende kufungua mlango.

Siku zikaenda, na katika siku hizo mambo yalikuwa yakimjia kama kupitia maji. Alitembea kwa wepesi. Alikaa kwenye benchi la uani wakati wa mapumziko, mvuke wa jikoni ukipita juu ya kichwa chake kama mawingu yanayokwenda kazini, na sauti za cherehani zikawa mvua isiyonyesha. Alasiri moja alisinzia pale pale akaota. Aliota shamba ambalo masufuria yameota kwenye matuta kama kabichi, mifuniko yao ina umande. Alikuwa akipita tuta kwa tuta akifunua, na ndani ya kila sufuria kulikuwa na mvua safi, iliyotulia. Akachota, akadondosha kiganjani, akalamba. Na mtu ambaye hakumwona, aliyesimama nyuma yake kwa upole, akasema, "Bado."

Aliamka na machozi, hajui ya nini.

Siku ya kumi na nne, asubuhi, akiwa amesimama kwenye sinki, aliuma karoti.

Kwanza alidhani kuna mtu ameingia. Ladha ilikuja hivyo, kama mtu: utamu wa mbele, halafu udongo, halafu kitu chenye harufu ya mvua ya jana. Akasimama na karoti yake akiwa hatafuni wala hamezi. Akachukua nyanya, nyanya ikasema. Akachukua jani la spinachi, nalo likamjibu kwa uchungu mdogo, wa heshima. Akafungua bomba akanywa maji, akasikia ladha ya maji, ya chuma cha bomba, na nyuma kabisa ya sabuni ya glasi. Akapiga magoti pale pale sakafuni, karoti mkononi, akamshukuru Mungu kwa maneno yasiyokuwa na mpangilio. Fundi saa alimkuta hivyo.

"Mama Pacha! Umeanguka?"

"Nimesimama, Baba Pacha," alisema kutoka sakafuni. "Nimesimama kabisa."

Alimsimulia yote: kuzimika kwa ulimi, hofu, sababu ya nadhiri. Mumewe alisikiliza, akamshika mkono, akasema "Mungu ni mwema," mara mbili. Lakini alisema kama mtu aliyepokea barua na bado hajaifungua.

Siku saba zilizobaki alikula kama anayesoma. Kazini alianza kuona vitu. Kando ya mlango wa bwalo kulikuwa na pipa la maji ya kunywa, na tangu anakumbuka, saa saba na nusu pipa lile lilikuwa tupu, wafanyakazi wakiligonga kwa vikombe na kudai la pili. "Joto la mashine hili," yeye alizoea kusema, naye ndiye aliyeomba pipa liwe kubwa zaidi. Siku ya kumi na sita alipita pale saa nane, akafunua. Nusu nzima. Siku ya kumi na saba, nusu. Akadhani kuna mtu mwema analijaza.

Nadhiri ikaisha. Siku ya ishirini na mbili ilikuwa ya mapumziko. Mchana, mwanga ukiwa mweupe mezani, aliwasha moto kwa mara ya kwanza. Alitoa kopo la maharage kwenye friji, akayayeyusha na kuyachemsha polepole. Harufu ilipopanda aliitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Akasali. Kisha, kwa heshima zote za jikoni, akadondosha tone chini ya kidole gumba, akalamba, akafumba macho.

Akayafumbua haraka.

Ilikuwa chumvi. Hapakuwa na maharage mle, hapakuwa na kitunguu wala nyanya, vilikuwa vimezama. Ulimi ulijikunja. Akafikiri yameharibika. Akalamba tena. Akafikiri pengine ulimi wake umekuwa kama wa mtoto mchanga, hauwezi lolote. Alikuwa bado anafikiri hivyo, mwiko mkononi, mumewe alipoingia kutoka kwenye karakana yake, akanusa, akaliona kopo la yale maharage ya zamani mezani. Na bila kusema kitu, bila hata kufikiri, mkono wake ukaenda kwenye rafu, ukashusha jagi la kijani, ukaanza kulijaza.

Maji yalipiga plastiki. Mkewe alitazama ule mkono. Uliijua kazi yake vizuri sana.

"Baba Pacha. Weka jagi chini."

Fundi saa akafunga bomba. Akageuka, na uso wake ukawa uso wa mtu aliyekamatwa na sukari mdomoni.

"Ni miaka mingapi?" akauliza mkewe.

"Nini, Mama Pacha?"

"Unanijua na unajua ninachouliza."

Akavuta kiti. Saa kumi na saba zikasema, kila moja kwa wakati wake.

"Minne. Na miezi kidogo. Tulitoka kuwasindikiza pacha kituoni, ukaja ukapika. Ukakaa hapo, ukanitazama nikila. Macho yako yalikuwa mekundu. Nikasema tamu."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake ningesemaje kwamba jana nilidanganya? Saa ikichelewa dakika moja kwa siku, mwenyewe hajui. Siku akijua, imeshachelewa nusu siku nzima. Mimi nilikuwa nimeshachelewa, mke wangu. Nikanunua jagi."

"Na kiwandani?"

Akaligeuza jagi, mpini ukaelekea ukutani.

"Baba Pacha, na kiwandani?"

"Kijiko aliniletea saa ya mumewe, mwaka juzi. Tukazungumza habari za saa."

"Mkakubaliana kunificha!"

"Hatukukubaliana kitu, haki ya Mungu. Tulitazamana tu. Ila aliomba glasi ya maji."

Angecheka siku nyingine. Siku hiyo alihisi uso ukiwaka mpaka kwenye nywele. Watu mia mbili. Sahani zilizorudi tupu. Lile pipa. Wote walikuwa wamembeba kwa miaka minne kama mtu anavyobeba mzee aliyesinzia, wakikanyaga taratibu asiamke, na yeye ndotoni akisema "Pakua, pakua," kama malkia.

"Mmenifanya niwanyweshe bahari," alisema.

"Hakuna aliyeacha kuja," alisema mumewe. "Hata mmoja. Lifikirie na hilo."

Alikwenda chumbani akafunga mlango. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mahali pake pa alfajiri, ingawa ilikuwa mchana wa jua kali. Kwanza alitaka kuwashtaki wote. Kisha akaona kwamba hana haki ya kulalamika kule alikopeleka ombi. Alikuwa ameomba ulimi, na ulimi umerudi mzima. Hakuomba ulimi wa kumsifu.

"Sasa niutumie vipi, Baba?" aliuliza. Pazia lililoshonwa na Sungura lilijaa upepo, likatua, likajaa tena. Alilitazama muda mrefu, mpaka hasira ikakosa mahali pa kukaa.

Kesho yake aliingia jikoni mwa kiwanda mapema. Aliwasalimu wote, akavaa aproni. Hakuhutubia. Kazi ikaenda, vitunguu vikalia mafutani, maharage yakakolea, na saa sita na nusu visu vikasimama vyenyewe, maana kila mtu alijua siku zake ishirini na moja zimeisha. Kijiko alirudi nyuma hatua mbili, akamwachia nafasi yake mbele ya sufuria.

Shangazi akachota, akadondosha, akalamba, akafumba macho. Alisikia kila kitu: kitunguu, nyanya, maharage yenyewe yenye unga wake, hata sufuria kuukuu kwa mbali. Chumvi ilikuwa pale pembeni, imetulia. Alitaka kusema "Pakua." Neno lilikuwa limeshafika menoni.

Badala yake akasema, "Kijiko, lete mkono."

"Mimi? Shangazi si umerudi?"

"Nimerudi. Lete mkono."

Akamdondoshea. Kijiko akalamba, akakodoa macho darini, akayarudisha chini.

"Ni... ni tamu, Shangazi."

"Kijiko. Saa ya mumeo inaendaje?"

Rangi ikamtoka msaidizi wake. Wale wawili wakaanza kutafuta chini ya meza, safari hii bila mabega kutikisika.

"Najua yote," alisema Shangazi. "Sina ugomvi na mtu humu. Lakini kuanzia leo tunaonja wawili, na mmoja akiniambia tamu kwa huruma, narudi kwenye majani yangu, nawaachia jiko lenu. Haya. Sema la ulimi wako."

 Kijiko alimtazama Shangazi kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kuingia.

"Bado," alisema.

 Kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kumwambia Shangazi neno lile.

"Bado kiasi gani?"

"Kidogo tu. Umeiogopa chumvi, Shangazi."

"Siiogopi," alisema Shangazi. "Naiheshimu." Na ndipo wote wakaangua kicheko, akiwamo yeye, mpaka akashika meza.

Wakaongeza chumvi ya ncha za vidole vitatu. Wakakoroga. Wakalamba, kila mtu kiganja chake, na Shangazi akakiri kimoyomoyo kwamba Kijiko alikuwa sahihi. Ulimi wake uliotoka mapumzikoni bado ulikuwa laini mno, ungehitaji mwenzake kwa muda. Pengine daima.

"Haya, mwonjaji," akasema.

"Pakua!" akaita Kijiko, na safari hii mlango ukafunguliwa mara moja.

Jioni alipika nyumbani sufuria ndogo. Kwake mwenyewe aliweka pia bakuli la karoti na choroko zilizoota, kwa kuwa nadhiri ilikuwa imeisha lakini urafiki wake na vitu vibichi haukuisha. Fundi saa alikuja mezani na jagi lake lililojaa, akaliweka mahali pake pa siku zote, akaona mkewe analitazama, akataka kuliondoa.

"Liache," alisema mkewe. "Kula. Kisha uniambie. Na usiseme tamu."

Alikula kijiko kimoja. Cha pili. Alikula kama anavyosikiliza saa, kichwa kimeinama upande.

"Vitunguu umeviunguza kidogo," alisema hatimaye, kwa woga.

"Kweli," akasema Mama Pacha, na uso wake ukachanua. "Nimeviunguza."

Asubuhi, baada ya sala, alikuta jagi la kijani bado liko mezani, limejaa hadi mdomoni kama lilivyoachwa, na mwanga umelala ndani yake. Akalinyanyua kwa mikono miwili, akaenda nalo dirishani, akaziloweka choroko za kesho.